Msumeno wa kukatia kuni: Bei ya dukani si gharama yote

KELELE za msumeno wa injini zimekuwa sehemu ya asubuhi katika vijiji vingi vya Migori na Homa Bay. Husikika kandokando ya barabara ya Rongo kuelekea Awendo, katika mashamba ya Uriri na Kuria, na hata kwenye miteremko ya Gwassi inayotazama Ziwa Victoria. Kazi iliyokuwa ikimchukua mwenye shoka kutwa nzima, sasa humalizwa kabla ya chai ya saa nne.

Si ajabu basi kwamba vijana wengi wameuona msumeno huu kuwa kitega uchumi. Huchanga pesa katika chama, au hukopa, wakanunua mashine wakitumai kupata vibarua vya kukata na kupasua kuni. Miezi michache baadaye mashine hiyo hugeuka kipande cha chuma kinachovuja mafuta chini ya kitanda. Mara nyingi kosa lilitendeka dukani siku ile ile ya ununuzi: mnunuzi aliuliza bei ya msumeno, asiulize bei ya kuutumia.

Kwanza, jina lake. Mitaani wengi huuita pawa-so. Magazeti nayo yamezoea kuandika "msumeno wa umeme", jina linalopotosha kwa kuwa mashine yenyewe hunguruma kwa petroli na haina waya wa kuchomekwa ukutani. Ipo misumeno ya umeme na ya betri, na ya betri inafaa kwa kupogoa matawi nyumbani, lakini mtu anayekata kuni za kuuza hawezi kuitegemea mahali ambapo pa kuchajia ni mbali. Makala haya yanahusu ule wa injini.

Mahitaji ya kuni katika kaunti hizi mbili ni makubwa na ya aina nyingi. Majani ya tumbaku hukaushwa mabandani kwa moto unaowaka mchana na usiku kwa siku kadhaa. Ingawa baadhi ya wakulima wa Migori wamehamia kilimo cha maharagwe chini ya mradi unaosaidiwa na mashirika ya Umoja wa Mataifa ya WHO, FAO na WFP, mabanda hayajatoweka. Huko Mbita, Sindo, Karungu na Muhuru, kina mama huhitaji kuni za kukaushia samaki kwa moshi. Shule za mabweni hupika kwa magogo, na matanuru ya matofali nayo yana njaa isiyoshiba.

Kila mteja huyu anataka kuni tofauti, na hapo ndipo uchaguzi wa msumeno unapoanzia. Mwenye jiko la nyumbani anahitaji vipande vifupi vya mkaratusi au mgrevilea, vyenye unene usiozidi paja la mtu. Shule na banda la tumbaku huweza kupokea gogo refu na nene. Anayekata za kwanza na anayekata za pili hawana sababu ya kununua mashine moja.

Ukubwa wa injini na urefu wa bamba

Nguvu ya msumeno hupimwa kwa ujazo wa injini, ile CC ambayo waendeshaji wa boda boda wanaijua vyema. Msumeno wa CC 30 hadi 40, wenye bamba la inchi 14 au 16, unatosha kwa matawi na miti midogo ya boma. Wa CC 45 hadi 60, wenye bamba la inchi 16 au 18, ndio unaomfaa mkataji kuni wa kawaida: una nguvu ya kutosha na hauvunji mgongo. Kuanzia CC 70 kwenda juu, mashine huwa ya kuangusha miti mikubwa na kupasua mbao.

Hata hivyo, fahari ya ukubwa imewaponza wengi. Stihl 070, ambayo mapasua mbao Afrika wameitumia kwa miaka mingi, ina injini ya zaidi ya CC 100 na uzito unaopita kilo 10 kabla ya kufungwa bamba na mnyororo. Kwa kupasua mbao za mti mnene ni mashine ya kuheshimika. Kwa kukata fito za mkaratusi kuanzia asubuhi hadi adhuhuri, ni adhabu ya kujitakia, na petroli inayomeza haiwezi kurudishwa na bei ya mzigo wa kuni.

Kosa la pili ni kufunga bamba refu kwenye injini ndogo. Mnunuzi hupendezwa na urefu, akaona kuwa amepata mashine kubwa kwa bei nafuu. Bamba la inchi 22 kwenye injini ya CC 50 likizama lote ndani ya gogo, mnyororo hupunguza mwendo, klachi huteleza na kupata moto, na mtumiaji huanza kuikandamiza mashine kwa nguvu zake mwenyewe. Bamba linalozidi kidogo unene wa kuni za kila siku linatosha.

Kisha kuna suala la misumeno ya bei ya chini, mingi ikiwa imeandikwa 5200 au 5800 ubavuni, ambayo imejaa katika maduka ya vifaa. Si haki kuishutumu yote. Mwenye boma anayekata kuni zake mara moja kwa mwezi huweza kukaa nayo miaka kadhaa. Tatizo ni kwamba jina moja hubeba bidhaa za viwanda vingi: sehemu za mashine mbili zinazofanana kwa rangi huenda zisiingiliane, na namba iliyoandikwa ubavuni si lazima iwe ndiyo CC halisi ya injini. Anayetaka kulishia watoto kwa msumeno ajiulize iwapo fundi wa Migori mjini, Oyugis au Homa Bay ana pistoni, kabureta na klachi ya mashine hiyo rafuni, leo hii, wala si "zitakuja kutoka Nairobi". Kama jibu ni la, hata bei ya nusu ni ghali.

Kabla ya kulipa, mnunuzi ahakikishe kuwa breki ya mnyororo inafanya kazi. Hii ni ile ngao iliyo mbele ya mpini wa juu. Ikisukumwa mbele, mnyororo husimama papo hapo. Msumeno usio na breki, au wenye breki iliyofungwa waya na mwenyewe, usinunuliwe kwa bei yoyote.

Mnyororo, moyo wa kazi

Mnyororo unaotumika leo una historia ya kuvutia. Mwaka wa 1946, mkataji miti wa Marekani aitwaye Joseph Buford Cox alimwona buu wa mbawakawa akitafuna gogo katika jimbo la Oregon. Buu huyo hakukwaruza mbao kama yafanyavyo meno ya msumeno wa mkono. Alichonga kushoto, akachonga kulia, kwa taya mbili zilizopinda. Cox aliiga taya hizo kwa chuma na mwaka uliofuata akaanza kuuza minyororo yake. Mpasua kuni yeyote wa Ndhiwa au Nyatike amewahi kumkuta buu mweupe wa namna hiyo ndani ya gogo, pengine akamtupia kuku.

Kwa hivyo meno ya mnyororo hupokezana, moja likielekea kushoto na la pili kulia, na kila moja hukata kwa ukingo wake wa juu na kona yake. Mbele ya jino kuna kinundu kidogo kinachoamua jino lizame kiasi gani. Asiyeelewa mambo haya mawili, jino na kinundu, hawezi kunoa, na asiyeweza kunoa hana msumeno bali ana kelele.

Dalili ya mnyororo butu huonekana chini, kwenye kilichomwagika. Mnyororo mkali hutoa vipande vidogo vidogo kama makombo. Ulio butu hutoa vumbi laini kama unga wa mhogo. Dalili nyingine ni moshi unaotoka penye mkato ilhali mafuta yapo, na haja ya kuukandamiza msumeno. Ulionolewa sawasawa huzama wenyewe kwa uzito wake.

Kunoa hufanywa kwa tupa ya mviringo, wala si tupa bapa ya panga. Unene wa tupa hutegemea mnyororo. Ule ambao masafa yake yameandikwa .325 hunolewa kwa tupa ya milimita 4.8. Wa 3/8 wa kawaida hutaka tupa ya milimita 5.2 hadi 5.5, na wa 3/8 mdogo unaofungwa kwenye misumeno myepesi hutaka tupa ya milimita 4. Tupa husukumwa upande mmoja tu, kutoka ndani ya jino kwenda nje, kwa pembe ya nyuzi 30 hivi, kisha huinuliwa na kurudishwa bila kugusa. Misukumo miwili au mitatu kwa kila jino inatosha, mradi idadi iwe ile ile kwa meno yote. Meno ya kulia yakiwa mafupi kuliko ya kushoto, msumeno utakata kwa kupinda, na mwenyewe atalilaumu bamba bure.

Vinundu navyo havifai kusahauliwa. Kadiri meno yanavyonolewa yanashuka, na vinundu vikibaki juu, meno hayafikii mbao hata yawe makali kama wembe. Baada ya kunoa mara kadhaa, vinundu vishushwe kwa tupa bapa hadi viwe chini ya ncha za meno kwa takriban milimita 0.65. Wapo wanaovishusha zaidi ili msumeno "ule" haraka. Msumeno wa namna hiyo hurukaruka, hukwama na huweza kumrudia aliyeushika.

Kinachoua ukali wa mnyororo kuliko vyote ni udongo. Gogo lililolala shambani huwa na mchanga ndani ya gome, na mkato unaoteleza hadi ardhini kwa sekunde moja tu huharibu kazi ya nusu saa ya tupa. Mti wenye uwazi ndani huwa mbaya zaidi kwa sababu mchwa huujaza udongo usioonekana kwa nje. Miti ya mpakani, iliyopigiliwa misumari ya seng'enge miaka ishirini iliyopita na gome likaifunika, ndiyo mitego mibaya kuliko yote. Mkataji mwenye busara humwuliza mwenye boma kabla ya kuwasha mashine, na huliweka gogo juu ya magogo mengine au fremu ya mbao badala ya kulikatia chini.

Aina ya mti pia ina neno lake. Mvinje uliokauka na othoo, ule mti mgumu wa nyanda kavu za kando ya ziwa, huchosha mnyororo mapema. Mkaratusi hukatika na kupasuka kwa urahisi ukiwa mbichi kuliko ukiwa umekauka, kwa hiyo ni afadhali uangushwe, ukatwe na kupasuliwa mara moja, kisha upangwe ukauke miezi kadhaa kabla ya kufika jikoni. Mwenye shamba anayetaka kisiki kichipue tena ahimize mkato wa chini na wa mshazari kidogo ili maji ya mvua yasituame, na gome lisichanwe.

Mafuta mawili yasiyopaswa kuchanganywa

Msumeno una matangi mawili. La kwanza ni la petroli iliyochanganywa na oili ya injini za mipigo miwili. Kwa oili nzuri iliyotengenezwa kwa misumeno, kipimo ni sehemu moja ya oili kwa 50 za petroli, yaani mililita 100 kwa lita tano. Kwa oili ya kawaida ya mipigo miwili, watengenezaji wengi hushauri moja kwa 25, yaani mililita 200 kwa lita hizo hizo. Kupima kwa kifuniko cha chupa na kukisia kwa macho ndiko kunakowapa mafundi riziki. Petroli isiyo na oili kabisa huweza kukwamisha pistoni kwa dakika chache tu za kazi.

Petroli yenyewe inunuliwe kituoni, wala si katika chupa za kando ya barabara ambazo hazijulikani zilichanganywa na nini. Mchanganyiko uliokaa zaidi ya mwezi mmoja au miwili usitiwe kwenye msumeno.

Tangi la pili ni la mafuta ya kulainisha mnyororo na bamba. Hapa ndipo desturi mbaya ilipoota mizizi: kutia oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye matatu au pikipiki. Oili hiyo haina gharama, lakini imebeba chembechembe za chuma zinazosaga bamba na pampu, na haishiki mnyororoni. Isitoshe, hurushwa kama ukungu juu ya mikono na uso wa mtumiaji, na oili iliyokwisha kutumika kwenye injini ina kemikali zinazojulikana kusababisha saratani ya ngozi. Asiyeweza kupata mafuta ya mnyororo atumie oili mpya ya injini. Ni ghali kuliko ya bure, ni rahisi kuliko bamba jipya.

Matangi yote mawili yajazwe kwa pamoja. Petroli ikiisha na tangi la mafuta ya mnyororo likawa bado limejaa, hiyo si ishara ya uhifadhi mwema. Njia ya mafuta imeziba. Namna ya kuhakikisha ni kuielekeza ncha ya bamba juu ya gome jeupe au kipande cha katoni, bila kugusa, na kuongeza moto kidogo. Mstari mwembamba wa mafuta unapaswa kuonekana.

Jioni, bamba livuliwe, mfereji wake ukwanguliwe uchafu, kisha ligeuzwe ili upande wa juu uwe wa chini na kuchakaa kuwe sawa. Chujio la hewa lisafishwe kila siku ya kazi, hasa wakati wa kiangazi. Mnyororo ukazwe kiasi cha kuweza kuvutwa kwa mkono wenye glavu bila kulegea chini ya bamba, na mnyororo uliokazwa ukiwa na moto ulegezwe kabla ya kulala, maana chuma kikipoa hujikunja. Gurudumu la meno linalozungusha mnyororo libadilishwe baada ya minyororo miwili hivi kuisha. Gurudumu kuukuu huila minyororo mipya.

Suala la kabureta liachiwe anayelijua. Fundi anayepunguza petroli ili injini ilie kwa sauti kali humfurahisha mteja siku hiyo, kisha humuuzia pistoni mwezi unaofuata.

Mguu, sikio na sheria

Mnyororo wa msumeno ulioongezwa moto hupita kasi ya mita 20 kwa sekunde. Ajali mbaya zaidi huanzia kwenye robo ya juu ya ncha ya bamba: ikigusa tawi au gogo jingine, msumeno hurushwa nyuma na juu kuelekea uso na shingo, haraka kuliko mtu awezavyo kuukwepa. Ndiyo sababu haikatwi kitu juu ya mabega, mpini hushikwa kwa mikono miwili huku vidole gumba vikiuzunguka, na mtumiaji husimama kando kidogo ya mstari wa bamba.

Mavazi ya kinga huonekana anasa hadi siku ya ajali. Suruali maalumu ina nyuzi ndefu ambazo mnyororo ukizigusa huzivuta na kukwama papo hapo. Ndara na kaptura, vazi la wakataji wengi wa vijijini, hazina uwezo huo. Asiyeweza kumudu vyote aanze na viatu vigumu, miwani na vizibo vya masikio: kelele za msumeno hupita desibeli 100, ilhali 85 kwa saa nane zinatosha kuharibu usikivu polepole. Asifanye kazi peke yake pia. Safari ya kutoka nyuma ya milima ya Gwassi hadi hospitali ya rufaa mjini Homa Bay si fupi, hasa kwa pikipiki, na jeraha la paja linahitaji mtu wa pili wa kuligandamiza kwa nguvu kwa kitambaa njia nzima.

Kwa upande wa sheria, mwenye msumeno hana ruhusa ya kuingia nao katika misitu ya umma kama vile Kodera, Wire au Gwassi bila kibali. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka wa 2016 inakataza kukata mti humo bila idhini. Serikali ilipiga marufuku ukataji katika misitu ya umma na ya kijamii mnamo Februari 2018, hadi Rais William Ruto alipotangaza kuiondoa Julai 2023. Kwa miti ya shambani, mkataji aulize mapema ofisi ya Huduma za Misitu ya kaunti kuhusu kibali cha kusafirisha mzigo, kwa kuwa lori linalozuiliwa njiani hula faida yote ya kuni zilizomo.

Kwa mwenye boma anayehitaji kuni mara mbili au tatu kwa mwaka, kukodi mkataji pamoja na msumeno wake bado ni rahisi kuliko kununua. Na anayeazimia kununua uliotumika asiridhike kwa kuusikia ukiunguruma. Auvute kamba ukiwa baridi na umezimwa: ikiteleza bila ukinzani, mgandamizo umekwisha. Kisha aombe ekzosi ifunguliwe kwa bisibisi, kazi ya dakika tano, na amulike ndani kwa tochi ya simu. Pistoni njema ina ubavu laini unaong'aa. Yenye mikwaruzo ya wima ilikwisha kukosa oili, na muuzaji anayekataa ekzosi isifunguliwe amekwisha kutoa jibu.